Bwawa lililosingiziwa: kisa cha kifutu uani, Ihumwa

Kijana aling'atwa hatua kumi na nne kutoka kwenye bwawa. Naanza na hapo kwa sababu mtaa mzima ulisimulia kwamba "aling'atwa bwawani", na mimi mwenyewe nilisema hivyo kwa siku mbili, mpaka asubuhi nilipokwenda kupima kwa miguu yangu. Ukiwa unatembea, hatua kumi na nne si kitu. Katika kisa hiki ndizo zilizogeuza shauri lote.

Nikiri jambo moja mapema: bwawa lile nililichora mimi. Nimestaafu kazi ya ugani wa uvuvi, lakini watu bado wananiita Bwana Samaki, na anayetaka kufuga sato uani kwake huniita nije nione kiwanja. Familia hii niliieleza kina cha maji, turubai la kutandika chini, idadi ya vifaranga kwa kila mita ya mraba na chakula cha asubuhi na jioni. Kuhusu nyoka sikutamka neno. Kuhusu panya, ndiyo kabisa.

Kiwanja chenyewe

Ihumwa iko mashariki mwa jiji, barabara ya Morogoro, jirani na Mtumba palipojengwa Mji wa Serikali. Dodoma ilitangazwa makao makuu mwaka 1973, lakini watu hawakuamini sawasawa mpaka 2016 serikali iliposema sasa inahama kweli. Baada ya hapo viwanja vikapimwa kila upande, na mahali palipokuwa na vichaka vya miiba, mibuyu na mashamba ya mtama pakaota mabati mekundu na ya bluu. Wenye mashamba walilipwa fidia. Waliokuwa wakikaa kwenye vichuguu hawakulipwa, na wengi wao hawajahama.

Kiwanja tunachokizungumzia kina nyumba mbele na ua mkubwa nyuma. Bwawa lilichimbwa Septemba, mita nane kwa sita, kina mita moja na kidogo, likajazwa maji ya kisima Oktoba. Msomaji wa Bukoba au Tukuyu hawezi kuona uzito wa maneno hayo mawili, maji na Oktoba, yakikaa pamoja. Dodoma hupata mvua ya milimita kama 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Oktoba ardhi imepasuka, mito ni mchanga mtupu, na ng'ombe wanapelekwa mbali kunywa. Maji ya wazi ya mita nane kwa sita wakati kama huo ni tangazo. Nyuki walikuja siku ya pili. Vyura sijui walitoka wapi, lakini walikuja.

Upande wa kushoto wa ua kuna kibanda cha mabati kisicho na mlango, ndicho stoo ya chakula cha samaki na kuku: pumba za mahindi magunia matatu, mashudu ya alizeti magunia mawili, yamewekwa juu ya mbao. Upande wa kulia kuna banda la kuku. Kati ya viwili hivyo panapita kinjia cha kwenda bwawani, na kando ya kinjia zimepangwa tofali za saruji zilizobaki kwenye ujenzi, kama mia nne hivi, safu juu ya safu, zikisubiri siku ukuta utakapoanza. Kila nyumba mpya Dodoma ina rundo kama hilo. Ukuta hausimami haraka, maana kwanza ni ada za watoto.

Juu ya bwawa walifunga taa ya sola inayowaka usiku kucha. Hiyo nayo nilishauri mimi, wadudu waanguke majini samaki wale bure.

Swila wa Novemba

Nyoka wa kwanza alionekana katikati ya Novemba, alfajiri. Binti wa darasa la sita alikwenda kumwaga pumba bwawani, mbwa akamtangulia. Kwenye ukingo wa turubai alikuwapo nyoka mweusi akinywa. Mbwa alibweka, nyoka akainuka, akatanua shingo, na binti anasema aliona "kama mtu anapiga chafya". Mbwa akaanza kujisugua uso kwenye mchanga huku akilia.

Huyo ni swila. Anaweza kurusha mate ya sumu mita mbili au zaidi, na huelekeza usoni. Sumu ikigusa ngozi isiyo na kidonda haileti shida kubwa. Ikiingia jichoni huchoma vibaya, na jicho likiachwa bila kuoshwa huweza kupata kidonda na hata kupofuka. Mama mwenye nyumba alifanya jambo sahihi bila kufundishwa na mtu: alimkandamiza mbwa kwa magoti, akafungua kope kwa vidole, akamwagia maji ya ndoo nzima, akaagiza ndoo ya pili. Jirani alikuja mbio na kikombe cha maziwa. Maziwa si mabaya kama huna maji, lakini huyu alikuwa na kisima. Kinachotibu pale ni wingi wa maji na uvumilivu wa robo saa, si weupe wa kimiminika. Mbwa alikaa na macho mekundu siku nne, akapona.

Baada ya hapo ndipo yalipoanza matambiko ya kisasa. Baba mwenye nyumba alichoma tairi kuukuu nyuma ya ukuta wa jirani, ugomvi ukazuka. Akamwaga chumvi ya mawe kuzunguka ua. Akapanda mchaichai. Akanunua vidonge vyeupe vya nondo na kuvitawanya kama mbegu. Kwa wiki tatu nyoka hakuonekana, ikatangazwa kwamba dawa imefanya kazi. Swila hutembea eneo kubwa, na kutoonekana wiki tatu ndiyo kawaida yake hata pale ambapo hakuna aliyepanda kitu. Aliponipigia kuuliza kama amwage dizeli ukingoni, nilikataa kwa ukali: dizeli ikitanda juu ya maji samaki wanakosa hewa, na nyoka atapita kwingine. Nilijiona nimeokoa mradi.

Desemba, mvua za kwanza zilipoanguka, binti alikuta gamba la nyoka limenasa kati ya tofali. Alinionyesha picha kwenye simu ya mama yake. Nikajibu, nakumbuka neno kwa neno: "Ni gamba tu, mwanangu, gamba haling'ati." Yeye akalihifadhi ndani ya daftari la sayansi. Yule mtoto alikuwa na akili kunizidi.

Usiku wenyewe

Mwisho wa Januari, mvua ilinyesha mchana, jioni kukawa na ubaridi na vyura wanaimba. Saa moja na nusu usiku kaka yake yule binti, wa kidato cha tatu, alitumwa kuchota pumba za kuku. Alivaa ndala. Simu ilikuwa mkononi, lakini tochi ya simu haikuwashwa kwa sababu simu ilikuwa sikioni. Anasema alihisi kama amepigwa na fimbo juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kulia, akadhani amekanyaga ubao ukamrukia. Alipomulika akaona kitu kinene, kifupi, rangi ya udongo na majani makavu, kimejikunja kando ya tofali. Hakikukimbia.

Wazee wanatuambia tupige kishindo tukipita gizani, nyoka asikie mtikisiko aondoke. Kwa nyoka wengi ushauri huo ni mzuri. Kifutu hana habari nao. Kinga yake ni kutoonekana. Hulala palepale alipochagua, akingoja windo limpitie mdomoni, na ukija na kishindo yeye anatulia zaidi. Akisumbuliwa mara nyingi hupumua kwa nguvu kama tairi linalovuja, lakini kijana hakusikia kitu zaidi ya sauti ya rafiki yake kwenye simu.

Nilipigiwa saa mbili. Nilipofika, saa mbili na nusu, ua ulikuwa umejaa watu. Nyoka alikuwa ameshapondwa kichwa mpaka kikawa uji. Kijana alikuwa kwenye kiti, mguu umefungwa mpira wa baiskeli chini ya goti na mwingine juu ya goti, umekazwa kwa kijiti. Pale pa meno palikuwa pamechanjwa kwa wembe chale sita, na damu inachuruzika bila kukoma. Juu yake limebandikwa jiwe jeusi.

Jiwe lile ni la mzee mmoja anayekaa mitaa miwili kutoka pale, na sitaki kumchafulia jina, maana hakuitisha hata senti na hakumzuia mtu kwenda hospitali. Tatizo ni kwamba jiwe la nyoka ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Linanata kwenye damu kwa sababu lina vitundu vya kunyonya, na kule kunata ndiko kunakowapa watu moyo kwamba linafanya kazi. Sumu iliyosukumwa kwa meno marefu ya kifutu imeshazama nyamani, mfupa hauifikii. Kwa hiyo watu wanasubiri jiwe lidondoke lenyewe, kwa sababu ndivyo inavyosemwa, likidondoka sumu imekwisha. Tulisubiri. Nami nilikuwamo.

Wakati huohuo palikuwa na mjadala wa pili. Nusu ya watu walisema ni koboko. Mtaani kila nyoka aliyeng'ata ni koboko. Shangazi wa kijana alisema ni nyoka wa kutumwa, akataja na mwenye kumtuma, yule jirani wa tairi. Nilichukua tochi nikamgeuza yule nyoka kwa fimbo ndefu, maana hata kichwa kilichokatwa huweza kufunga meno, sembuse kilichopondwa. Mwili mnene kama mkono wangu, mkia mfupi, na mgongoni mistari ya rangi ya maziwa yaliyochafuka, kila mmoja umekunjwa kama kiwiko, ncha imeelekea mkiani. Kifutu, bila ubishi. Nikapiga picha mbili. Ushahidi mwingine ulikuwa kwa mgonjwa mwenyewe: alikuwa anaongea vizuri, anameza mate, kope haziangukii macho. Angekuwa ameng'atwa na koboko, muda ule ulimi ungekuwa mzito na pumzi imeanza kumshinda. Huyu kilichomsumbua ni maumivu na uvimbe. Mguu ulikuwa umejaa mpaka kwenye mpira wa kwanza, ngozi imevutika inang'aa, na lengelenge moja lenye maji meusi limeota karibu na chale.

Mama yake aliniuliza, "Bwana Samaki, tufungue mpira?" Nilikuwa najua mpira haufai. Kwa sumu ya aina hii, kufunga ni kuifungia nyama nayo chumba kimoja. Lakini nilijua pia kwamba ukifungua ghafla mpira uliokaa saa nzima, kilichokusanyika kinaweza kuteremka mwilini kwa mkupuo, na pale uani hapakuwa na mtu wa kumsaidia akizimia. Nikasema twende hivyohivyo, wakafungue wenye dawa. Mpaka leo naamini nilikuwa sahihi katika hilo, japo ni sahihi ya kuchelewa. Ambacho kilitakiwa tangu mwanzo ni kidogo tu: mtoto atulizwe, avuliwe bangili ya mguuni, mguu uwekwe sawa usichezeshwe, na chombo kitafutwe.

Bajaji iliondoka saa tatu na dakika kumi. Kuanzia meno hadi magurudumu ni dakika mia moja.

Hospitalini

Kituo cha afya cha kwanza hakikuwa na dawa ya kuzima sumu. Sikushangaa na simlaumu mtu. Dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya farasi waliozoeshwa sumu kidogo kidogo, bei yake ni ya kukausha koo, na nyingine lazima ikae kwenye friji muda wote. Mwaka 2014 kampuni kubwa ya Ufaransa iliacha kutengeneza dawa iliyokuwa ikitegemewa sana Afrika, kwa sababu ya biashara, na shehena ya mwisho ikaisha muda wake 2016. Zipo dawa zilizotengenezwa kwa nyoka wa India, ni nzuri huko India, lakini sumu ya kifutu wetu haizitambui. Shirika la Afya Duniani liliingiza kung'atwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwezi Juni 2017, likikadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na watakaobaki na ulemavu wa kudumu wakiwa kama mara tatu ya hao. Lengo lao ni kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo 2030. Haya niliyasoma baadaye. Usiku ule nilichokuwa nakihesabu ni matuta ya barabarani.

Lakini pale kituoni muuguzi alifanya kitu ambacho nimekipenda tangu siku ile. Alichukua kalamu ya wino ya kawaida, akachora mstari kuzunguka mguu pale uvimbe ulipoishia, akaandika kando yake: 3:30. Akasema, "Kila nusu saa chora mwingine, daktari atajua unakwenda kasi gani." Tukapewa na parasetamoli, tukaonywa tusimpe diklofenaki wala aspirini, maana damu yake huenda tayari haigandi vizuri. Tulipofika hospitali kubwa mjini, saa nne na nusu, mstari wa pili ulikuwa umevuka goti na wa tatu upo katikati ya paja. Daktari aliisoma ile mistari kabla hajamuuliza mgonjwa jina.

Kipimo cha kwanza hakikuhitaji mashine yoyote. Damu kidogo, mililita mbili, iliwekwa kwenye kichupa cha kioo kisafi na kikavu, ikaachwa imetulia dakika ishirini. Damu nzima inatakiwa iwe imeganda. Daktari alipokiinamisha, ilimwagika ukutani mwa kioo kama juisi ya rosela. Ndiyo maana zile chale za wembe hazikukoma. Nilimwonyesha picha za nyoka, akatikisa kichwa kukubali, akaagiza dawa itundikwe kwenye dripu huku sindano ya adrenalini ikiwa imeandaliwa pembeni, kwa kuwa dawa yenyewe huweza kumletea mtu mzio mkali. Mipira ilifunguliwa wakati huo, mmoja baada ya mwingine, dripu ikiwa inapita. Kipimo cha kugandisha kilirudiwa saa sita baadaye, kikagandisha.

Alikaa wodini siku kumi na moja. Mguu haukukatwa. Ngozi ya upana wa kiganja ilikufa kuzunguka zile chale, ikaondolewa, ikabidi kupandikizwa ngozi kutoka pajani. Daktari aliniambia hawezi kugawanya lipi ni la sumu, lipi la wembe na lipi la mpira. Mimi nimejigawia mwenyewe.

Asubuhi ya kupima

Siku ya tatu nilirudi uani peke yangu saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijachoma. Nyumbani walikuwa wameshakata shauri: bwawa lifukiwe. Baba alikuwa amezungumza na mwenye tipa la mchanga. Sikuwa na ubavu wa kubisha, ila niliomba siku moja.

Nilisimama palipokuwa na doa la damu, nikahesabu hatua hadi ukingo wa maji. Kumi na nne. Nikahesabu hadi mlango wa stoo. Nne. Hadi banda la kuku, tano.

Nikachuchumaa. Ukichuchumaa unaona ua mwingine kabisa. Kutoka chini ya mbao za magunia palitoka kijinjia chembamba kama upana wa vidole vitatu, kimelainika kwa kupitwa, kikafuata ukingo wa tofali, kikaingia chini ya banda la kuku. Juu yake mavi ya panya, mengine mabichi. Gunia moja la pumba lilikuwa limetobolewa chini na chenga zimemwagika kama mchanga wa saa. Mashimo niliyoyahesabu ni kumi na moja. Ile ilikuwa barabara kuu, na kifutu alilala pembeni yake kama trafiki, kichwa kimeelekea njiani. Hakuja kunywa maji. Huenda hata hakuwa na habari kwamba kuna bwawa.

Binti akaniletea daftari lake bila kuombwa. "Shikamoo babu. Hili hapa lile gamba." Nililipeleka kwenye mwanga. Gamba la swila ni laini, ukipitisha kidole kinateleza. Hili, kila kigamba kilikuwa na tuta dogo lililoinuka katikati, kama mstari wa chini wa punje ya mpunga, na kidole changu kilisikia kwaru kwaru. Kifutu ana magamba ya namna hiyo. Kwa hiyo tangu Desemba alikuwa amepanga chumba pale kwenye tofali, ana mlo mlangoni, na mtu mmoja tu katika nyumba ile alikuwa na hati yake ya upangaji mkononi. Nilimwomba radhi yule mtoto. Alicheka, hakuelewa naomba radhi ya nini.

Kuhusu swila wa Novemba, yeye kweli alikuja kwa bwawa, au tuseme kwa wageni wa bwawa. Anakula vyura, panya, mayai, hata nyoka wenzake. Taa niliyoshauri iwake usiku kucha ilileta wadudu, wadudu wakaleta vyura, vyura wakamleta swila. Hesabu hiyo ni yangu.

Lakini swila yule alimpata mbwa na akaenda zake. Aliyemlaza mtoto wa watu wodini aliletwa na pumba. Ukifukia bwawa ukaacha magunia, tofali na kuku, umemfukuza mpita njia ukambakiza mpangaji. Nilimwambia baba hivyo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alinyamaza muda mrefu. Tipa halikuja.

Tofali tulizihamisha Jumamosi na vijana wawili wenye buti za mvua na glavu nzito, wakitumia jembe kusukuma kila safu kabla ya kugusa kwa mkono. Tulikuta viota viwili vya panya na nge wengi kuliko nilivyotaka kuwaona. Nyoka hakuwapo. Shangazi alisema ni kwa sababu aliyetumwa keshamaliza kazi.

Pumba na mashudu viliingia kwenye mapipa ya plastiki ya lita 200 yenye mfuniko wa kubana. Hilo ndilo badiliko la maana kupita yote na liligharimu pungufu ya bei ya tipa. Kuku wanapewa chakula asubuhi tu, kinachobaki kinafagiwa kabla ya magharibi. Taa sasa ina swichi. Nyasi na matembele yaliyokuwa yamestawi kwenye maji yanayofurika yameng'olewa, ukingo wa bwawa umeachwa mtupu mita mbili kila upande, si mzuri kwa picha lakini unaona kinachokaa pale. Baba alitaka kuzungushia wavu wa plastiki, ule wa kuvulia uliochakaa. Nikamkataza kwa sababu nyoka hunasa humo, na asubuhi unakuwa na swila aliyefungwa mwenye hasira na mtu wa kumfungua ni wewe. Akaweka waya wa matundu madogo uliokazwa na kufukiwa chini. Chini ya mlango wa nyuma amepigilia ubao. Watoto wanalala ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro, ambacho walikuwa nacho siku zote kwa ajili ya malaria. Paka wameletwa wawili. Mmoja anafanya kazi.

Mwanzoni mwa Aprili nilikuwa pale jioni, nimekuja kupima uzito wa sato. Kijana anatembea akichechemea kidogo, buti za mvua miguuni, tochi mfukoni ingawa jua lilikuwa bado halijazama. Swila alitokea upande wa kichuguu, mweusi, mrefu kama fimbo ya mchungaji. Kijana alimshika mbwa ukosi, akasimama. Hakuna aliyepiga kelele. Nyoka alipita ukingoni mwa bwawa, akasimama kidogo pale zilipokuwa tofali, akaonja hewa, akaendelea hadi kwenye ufa wa ukuta na kuingia kwa jirani, yule wa tairi.

Mama akatoa simu kwenye kanga. "Haloo jirani, habari za jioni. Samahani, pumba za kuku wako huwa unaziweka wapi?"